NYUMBA ILIYOTIWA ALAMA: THAMANI IANDIKWE UPESI NA IANDIKWE YOTE



Siku nyumba inapotiwa alama ya rangi nyekundu ukutani, tangu saa ile nyumba hiyo si ya mwenyewe kamili, wala si ya yule aliyeitia alama. Mwenyewe hawezi kuitengeneza, maana ataambiwa kwamba chochote atakachoongeza baada ya alama hakitahisabiwa. Hawezi kuiuza, maana hapana mnunuzi wa nyumba inayongoja kuvunjwa. Hawezi kuiweka rehani, wala hapati mpangaji wa kumlipa kodi ya haki. Bati likitoboka hutega ndoo. Ukuta ukipasuka huutazama. Anaishi ndani ya nyumba yake mwenyewe kama mgeni aliyekwisha kuagwa.

Hali hiyo haina mwisho mpaka yatimie mambo mawili: thamani ya nyumba iandikwe, na fedha zilipwe. Hilo la kwanza ndilo mlango wa la pili. Mlango huo ukikaa miaka umefungwa, mwenye nyumba amekwisha kudhulumiwa, hata kama hapana mtu aliyemng'olea tofali moja.

Basi leo twataka kusema waziwazi juu ya kazi hii ya kuthamini nyumba: nini kinachoichelewesha, nani anayefaidika na kuchelewa kwake, na mwenye nyumba afanye nini ili iishe upesi bila ya yeye kupunjwa.

SUBIRA YA NANI, NA KHERI YA NANI?

Wako mabwana wanaotuhubiria subira. Wanatwambia kuwa subira huvuta kheri, na kwamba haraka haraka haina baraka. Sisi hatuzipingi methali za wazee wetu. Twauliza tu: kheri hiyo humvutia nani? Fedha ambazo hazijalipwa hubaki mkononi mwa anayedaiwa, na nyumba inayongoja huoza mkononi mwa anayedai. Anayehubiri subira hapa ni yule ambaye kungoja hakumgharimu senti.

Tutazame mfano wa Kipawa, Dar es Salaam, ubavuni mwa uwanja wa ndege. Nyumba za mtaa huo, pamoja na za mitaa ya jirani, zilithaminiwa mwaka 1997 kwa ajili ya kupanua uwanja. Ikapita zaidi ya miaka 10 kabla ya watu wa Kipawa kulipwa fidia, na jirani zao wengine wakaendelea kungoja hata baada ya hapo. Sasa tufanye hisabu. Mwaka 1997 dola moja ya Marekani ilikuwa shilingi 600 na kidogo. Mwaka 2009 ilikuwa imekwisha kupita shilingi 1,300. Nusu nzima ya nguvu ya shilingi imeliwa na kalenda! Thamani iliyoandikwa kwa shilingi ya mwaka 1997 ingejengaje nyumba kwa saruji ya mwaka 2009? Mtoto aliyezaliwa mwaka ule nyumba ilipopimwa alikuwa amekwisha kumaliza darasa za mwanzo, na baba yake angali anaambiwa asubiri.

Wala mfano huo si wa peke yake. Ng'ambo ya bahari kutoka Pemba, kwenye mwisho wa bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, Tanga, nyumba na mashamba ya wengi katika njia ile yalithaminiwa kuanzia mwaka 2018, na wengi wao hawakulipwa mpaka mwaka 2021 na baada yake. Katika miaka hiyo waliambiwa wasijenge kipya wala wasipande mazao ya kudumu. Mkulima asiyepanda, atakula nini? Tarehe ya alama ilitangazwa. Tarehe ya malipo haikutangazwa. Hapo ndipo ilipo dhuluma.

SHERIA INASEMAJE?

Wanachama wetu wengi wana nyumba Dar es Salaam, Tanga na miji mingine ya Bara, na wengi wao hawajapata kuambiwa sheria ya huko. Basi waijue. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 24, inakataza mtu kunyang'anywa mali yake bila ya sheria yenye kuweka masharti ya fidia inayostahili. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki, na ya papo kwa papo. Na kanuni za mwaka 2001 zimefafanua yanayotakiwa kuingia katika hisabu ya nyumba. Hayo si thamani ya jengo na ardhi peke yake. Kuna posho ya usumbufu. Kuna posho ya makazi, ambayo ni kodi ya nyumba kwa mwezi mara miezi 36. Kuna gharama ya kusafirisha mizigo, tani 12, kwa masafa yasiyozidi kilomita 20. Na kwa mwenye biashara kuna faida inayopotea, ambayo ni faida halisi ya mwezi mara miezi 36.

Kanuni hizo hizo zinataka kazi hiyo ifanywe na mthamini mwenye sifa, na hisabu yake ithibitishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali. Malipo yakipita miezi 6, mlipaji hana budi kuongeza riba mpaka siku ya kulipa. Kisha ikaja Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016, ikaweka kikomo: thamani iliyoidhinishwa kwa ajili ya fidia huishi miaka 2, na baada ya hapo haina budi kufanywa upya.

Sheria hiyo ya mwaka 2016 ni ya Bara, haivuki Chumbe. Ardhi si jambo la Muungano, na visiwa vyetu vina sheria zao, ikiwamo Sheria ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 1992. Wala hatusemi kwamba huko Bara, kwa kuwa karatasi ni nzuri, basi na mambo ni mazuri; njia ya bomba imekwisha kutufundisha. Lakini karatasi yenye hisabu ya siku humpa mnyonge kitu cha kushika. Anaweza kusema: miezi 6 imepita, riba yangu iko wapi? Asiyekuwa na tarehe mkononi hana la kusema ila “naomba nifikiriwe.” Na haki haiombwi kwa kufikiriwa.

Kwa hivyo dai letu kwa visiwani ni fupi. Kila kazi ya Serikali itakayogusa nyumba za watu ianze kwa kutangaza tarehe 4 kwa sheha na kwa maandishi: tarehe mthamini atakapoingia, tarehe kila mwenye nyumba atakapopewa nakala ya yaliyoandikwa juu ya nyumba yake, tarehe hisabu itakapoidhinishwa, na tarehe ya mwisho ya malipo. Serikali isiyoweza kuitaja siku ya kulipa isiruhusiwe kuitaja siku ya kutia alama.

MWENYE NYUMBA NAYE ASIWE KISINGIZIO

Lakini, ndugu wanachama, anayetaka kuchelewesha haki hutafuta kisingizio, na mara nyingi hukipata ndani ya nyumba yenyewe. Mthamini huja, akakuta mlango una kufuli. Hurudi mara ya pili, akaambiwa karatasi ziko kwa mjomba Wete. Hurudi mara ya tatu, akakuta ndugu wawili wanagombana nani aandikwe. Kisha hukaa ofisini na kusema: “Wananchi wenyewe ndio waliotuchelewesha.” Tusiwape neno hilo. Mwenye nyumba akamilishe upande wake kabla mthamini hajafika, na mambo yenyewe ni haya.

Kwanza, karatasi. Hati ya umiliki. Au ikiwa nyumba iko katika mitaa isiyopimwa ya Dar es Salaam, leseni ya makazi. Au hati ya mauziano yenye mashahidi. Ramani ya kiwanja ikiwapo. Risiti za kodi ya jengo, za umeme na za maji. Zote ziwe katika bahasha moja, na nakala zake zikae nyumba nyingine. Anayempa mthamini karatasi ya asili bila ya kubaki na nakala amejifunga mikono mwenyewe.

Pili, urithi. Hapana jambo linalokwamisha uthamini kama nyumba iliyoandikwa jina la marehemu. Babu alikufa zamani, wajukuu wamejaa vyumbani, na karatasi bado inasema ni ya babu. Mthamini hawezi kumwandikia fidia marehemu. Visiwani mambo haya hupita kwa Kadhi na kwa Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana. Bara humteua msimamizi wa mirathi kwa njia ya mahkama. Familia isingoje alama nyekundu ndipo ianze kutafuta cheti cha kifo. Na katika kugawa, wasisahauliwe akina mama: mke na binti wana fungu lao, na jina lililoachwa nje ya fomu leo litaleta kesi kesho, na kesi moja husimamisha malipo ya nyumba nzima.

Tatu, wakala. Wako wenzetu walio Muscat, Dubai na London, na nyumba zao zimekaliwa na jamaa. Jamaa hana mamlaka ya kutia sahihi kwa kuwa ni jamaa tu. Aandikiwe hati ya uwakala mapema, ithibitishwe kwa utaratibu wa sheria, ili mthamini akija akute mtu mwenye neno.

Nne, nyumba iwe wazi siku ya kupimwa. Kila chumba kifunguliwe, na mpangaji apewe khabari siku chache kabla. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi wake wa kati na vyumba vyake kushoto na kulia, lakini mali haikuishia hapo. Uani kuna jiko, choo, bafu, stoo, kisima, pengine banda la kuku na ukuta wa mawe. Kuna mwembe, kuna minazi. Mara ngapi futi kamba imezunguka nyumba kubwa, na uani ukapitwa? Basi mwenye nyumba aandike mwenyewe, kabla ya siku hiyo, orodha ya kila kitu: vyumba vingapi, ukuta wa mawe na chokaa au wa matofali ya saruji, paa la bati au la makuti, sakafu ya namna gani, milango na madirisha mangapi, umeme na maji vimefika au havikufika. Apige na picha, ndani na nje. Orodha hiyo humwokolea mthamini muda, na humwokolea mwenye nyumba mali.

Tano, ushahidi wa mapato. Tumekwisha kusema kwamba posho ya makazi ni kodi ya mwezi mara 36. Tuseme kodi ya haki ya nyumba ni shilingi 200,000 kwa mwezi. Jumla ni shilingi 7,200,000. Sasa mwenye nyumba akiwa hana hata mkataba mmoja wa upangaji wa kuonyesha bei za mtaa, na ikaandikwa shilingi 100,000, jumla huwa shilingi 3,600,000. Nusu imepotea kwa kukosa karatasi moja! Na mwenye duka barazani, asiyekuwa na daftari, ataithibitishaje faida ya miezi 36? Daftari la senti chache ndilo mlinzi wa mamilioni.

TUSIUZIWE UPESI

Hapa twataka kuonya juu ya watu wa namna mbili.

Wa kwanza ni hao vishoka wanaokwenda nyumba kwa nyumba wakisema: “Nipe kitu kidogo, faili lako litapita mbele.” Hawa si wathamini, na wengi wao hawajui hata faili liko chumba gani. Fedha unayompa haiongezi mwendo wa kazi. Inamfundisha karani kwamba kazi ikikaa huzaa. Leo wamelipa 10, kesho itakuwa lazima walipe 100, na yule mjane asiyekuwa na cha kutoa faili lake litakaa chini ya yote milele. Anayenunua upesi wake amenunua ucheleweshaji wa jirani yake. Chama cha watu hakiwezi kuinyamazia biashara hiyo, hata ikifanywa na mwanachama.

Wa pili ni wale wanaojifanya wana haraka kwa ajili yetu. Huja jioni, jua linakuchwa, wana fomu mikononi ambazo hazijajazwa, wakasema: “Tia sahihi hapa upesi, mengine tutajaza ofisini, ukichelewa utaachwa.” Hiyo si haraka, huo ni mtego. Upesi tunaoutaka sisi ni upesi wa kalenda, si upesi wa kalamu. Mthamini achukue saa zake zote nyumbani, apime kila pembe. Kisha faili lake lisilale miezi mezani. Wao wanataka kinyume chake: dakika 10 nyumbani, na miaka 10 mezani. Asitie mtu sahihi wala dole gumba juu ya fomu tupu. Asiyejua kusoma asomewe na mtu anayemwamini, sio na aliyeileta. Na lililoandikwa kwa makosa lisahihishwe pale pale, kwa wino, mbele ya sheha, au mbele ya mwenyekiti wa mtaa ikiwa ni Bara.

KWA WANAOKWENDA BENKI

Yako pia mambo ya wale ambao nyumba zao hazikutiwa alama na mtu, bali wao wenyewe wanataka zithaminiwe ili wapate mkopo, au ili wauze, au ili warithi wagawane kwa insafu. Hawa nao hulalamika kwamba kazi inachukua wiki nyingi. Dawa ni ile ile: bahasha ya karatasi, jina lililo hai, mlango ulio wazi, orodha iliyoandikwa. Waongeze moja: wakubaliane na mthamini kwa maandishi, kabla hajaanza, juu ya ujira wake na siku atakayoleta ripoti, na wahakikishe kuwa amesajiliwa na anakubaliwa na benki yenyewe, maana ripoti ya mtu asiyekubaliwa hutupwa, na kazi huanza upya kwa gharama ya pili. Wakumbuke vilevile kwamba kuiweka rehani nyumba ya familia huko Bara kunahitaji ridhaa ya mume au mke. Asiyemshauri mwenzake chumbani atasimamishwa kaunta.

KAZI YA MATAWI

Maneno haya yasiishie katika kusomwa barazani. Kila tawi lililo karibu na barabara inayopanuliwa, bandari inayojengwa, au uwanja unaokuzwa, lifanye haya tangu wiki hii. Liandike daftari la nyumba zote za eneo lake, na mbele ya kila nyumba liandike: karatasi zipo au hazipo, mirathi imekwisha au haijesha, mwenyewe yupo au ana wakala. Lichague watu watatu wanaojua kusoma na kuandika vizuri, mmoja wao awe mwanamke, wawasaidie wazee kuandika orodha za nyumba zao bila ya malipo. Lishike tarehe: siku mthamini alipokuja, jina alilojitambulisha nalo, alichopima na alichokiacha. Na siku ya ahadi ikipita, liandike barua moja, ya watu wote, yenye sahihi zote, na nakala yake ibaki tawini.

Mtu mmoja mmoja akienda ofisini na manung'uniko yake huambiwa njoo kesho. Mtaa mzima ukienda na daftari lenye tarehe, kesho hiyo huwa ngumu kuitamka.

Hatupingi barabara. Hatupingi bandari wala uwanja wa ndege. Nchi haina budi kujengwa. Walakini haiwezi kuwa kwamba nchi inajengwa kwa mwaka mmoja, na mwananchi aliyeipisha angojee fidia kwa kumi. Aliyetoa nyumba yake ili wengine wapite ametoa kikubwa kuliko mhandisi na kuliko waziri; stahiki yake ya kwanza ni kuambiwa ukweli wa thamani ya alichokitoa, na kuambiwa mapema, ilhali shilingi ingali na nguvu na yeye mwenyewe yu hai wa kuipokea.

THAMANI IANDIKWE UPESI!
IANDIKWE YOTE!
ILIPWE KWA TAREHE ILIYOTAJWA!